Namna ya Kuitambua Njia Njema ya Kukadiria Utando wa Maji

Mtumbwi unapoondoka pwani ya Karema, maji ya Ziwa Tanganyika yanayougusa ubao wake hayaachwi nyuma, bali huandamana nao; na katika utando wa unene wa milimita chache tu mwendo huo hufifia hata ukatoweka. Mtumbwi ukienda nusu mita kwa sekunde, katika maji ya nyuzijoto 25, utando huo hukaribia unene wa milimita 5 nusu mita kutoka omoni, nao ni mtulivu. Ila kasi ikizidi, au ubao ukiwa na alama za tezo, utulivu huvunjika mapema, na hapo njia nitakazozitaja hazina hukumu tena.

Ludwig Prandtl aliueleza utando huu mwaka 1904, na kwa kuwa hesabu yake kamili ni nzito, wanahisabati wamebuni njia nyingi za kuukadiria. Mtihani mwepesi ni ubao bapa, alioumaliza Blasius mwaka 1908: namba ya msuguano, ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha namba ya Reynolds (kasi mara umbali kutoka ukingo wa mbele, ikigawanywa kwa mnato kinematiki), ni 0.664. Njia ya Pohlhausen ya mwaka 1921 hutoa 0.685, kosa la kama asilimia 3, na wengi huridhika. Mimi siridhiki, maana ubao bapa hauilazimishi njia yoyote kudhihirisha udhaifu wake.

Ipeleke njia mahali ambapo maji ya nje yanapunguza mwendo na shinikizo linapanda, hata utando ukabanduka. Howarth, mwaka 1938, alichukua mwendo unaopungua kwa mstari mnyoofu, na ubandukaji ukawa kwenye 0.120 ya umbali ambao mwendo wa nje ungemalizikia. Pohlhausen husema 0.156, Thwaites, mwaka 1949, 0.123. Tofauti hii si bahati: Pohlhausen alilichagua umbo la mwendo kwa polinomia ya daraja la nne, ilhali Thwaites alizikusanya suluhu zilizokwisha kujulikana, akaziacha zimwongoze.

Hata hivyo, njia iliyolelewa na suluhu fulani isisifiwe kwa kuafikiana nazo. Ipewe mfano ambao haikuuona. Duaradufu ambayo Schubauer aliipimia hewani na kuichapisha mwaka 1935 yafaa sana: hewa ilibanduka dhahiri, na njia ya Pohlhausen haikuona ubandukaji wowote.