Kura kwa Wakala: Uhakiki wa Uchaguzi wa Viongozi na Wawakilishi wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Umma vya Kenya

1.0 Utangulizi

Uchaguzi wa viongozi katika chuo kikuu huibua maswali mawili ambayo aghalabu hutenganishwa. La kwanza ni nani anayemchagua mwakilishi. La pili ni mwakilishi huyo anakaa katika kikao gani baada ya kuchaguliwa. Swali la kwanza huvuta macho kwa sababu lina mabango, nyimbo na wakati mwingine mawe. La pili hukaa kimya ndani ya vifungu vya sheria. Uhakiki huu unaisoma Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya 2012 pamoja na marekebisho yake ya 2016 kama matini moja. Dai lake ni kwamba sheria hiyo ilimwondoa mwanafunzi kwanza katika kikao cha maamuzi, kisha ikamwondolea kura ya moja kwa moja, na kwamba hatua hizi mbili haziwezi kutathminiwa ipasavyo zikisomwa mbalimbali.

Uhakiki unaongozwa na mawazo ya Hanna Pitkin katika The Concept of Representation (1967). Pitkin anabainisha kwamba uwakilishi hautimizwi kwa uidhinishaji peke yake, yaani tendo la kumpa mtu mamlaka ya kusema kwa niaba ya wengine. Huhitaji pia uwajibikaji, yaani uwezo wa waliotoa mamlaka kumdai hesabu aliyepewa.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Historia ya vyama vya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi inaonyesha kwamba kura ya mwanafunzi haikuwa mchezo wa vijana. Tito Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na alifia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyechaguliwa kuongoza chama hicho mwaka 1987, alikamatwa mwaka huohuo, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na chama kikapigwa marufuku. Wakati huo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja. Kiongozi aliyechaguliwa na wanafunzi wote alikuwa miongoni mwa wasemaji wachache wa umma ambao hawakupitia mchujo wa KANU, na uzito wa sauti yake ulitokana na wingi wa waliompigia kura.

Sura nyingine ya historia hiyo haipendezi. Aprili 2016, Paul Ongili, anayejulikana zaidi kama Babu Owino, alipotangazwa mshindi wa uenyekiti wa SONU kwa mara nyingine, matokeo yalipingwa, ghasia zikazuka, mali ikateketezwa na chuo kikafungwa. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Mbunge wa Embakasi Mashariki. Kwa waliotaka mageuzi, mkondo huo ulithibitisha kwamba uchaguzi wa chuo umegeuka kuwa ngazi ya siasa za kitaifa, pamoja na fedha na fujo zake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Linalohojiwa hapa ni tiba iliyochaguliwa.

3.0 Uhakiki wa Vifungu vya 2016

Marekebisho ya 2016 yaliunda Baraza la Wanafunzi lenye Mwenyekiti, Naibu Mwenyekiti, Katibu Mkuu, Mweka Hazina na wajumbe watatu wa makundi maalumu. Wanafunzi hawawachagui viongozi hawa wenyewe. Hugawanywa katika majopo ya uchaguzi kwa misingi ya idara, shule au vitivo. Kila jopo huchagua wawakilishi watatu wasio wagombea, na wawakilishi hao ndio wanaolichagua Baraza. Chini ya utaratibu huu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU iliipisha UNSA.

Ni haki kukiri yaliyo mema katika vifungu hivi. Mwenyekiti na Naibu wake lazima wawe wa jinsia tofauti. Muhula ni mwaka mmoja, na kiongozi anaweza kurudi kwa muhula mmoja tu wa mwisho. Hata hivyo, mema hayo hayategemei majopo. Mwenyekiti na Naibu wanaweza kugombea kwa tiketi moja mbele ya wanafunzi wote, kama wanavyofanya mgombea urais wa Kenya na mgombea mwenza wake. Na ukomo wa mihula unatekelezeka chini ya mfumo wowote wa kura.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, chuo chenye wanafunzi 20,000 na majopo 12. Wapiga kura wa mwisho ni 36, na wengi wao ni 19. Mgombea mwenye fedha aliyelazimika zamani kuushawishi umati sasa anahitaji kuwafikia watu 19 anaoweza kuwajua kwa majina. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mfumo huu haukuiondoa mikono inayolambwa, bali umeipunguza idadi ya walambaji na kumpunguzia mgombea gharama. Zaidi ya hayo, jopo la wanafunzi 200 na jopo la wanafunzi 3,000 yote yana wawakilishi watatu. Kwa hiyo anayeamua kama majopo yafuate idara au vitivo huamua pia uzito wa kila kura, na sheria inaliacha jambo hilo liamuliwe kwa kadiri itakavyofaa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu uwajibikaji. Mwakilishi wa jopo anapiga kura kwa niaba ya wengine. Akipiga kwa siri, waliomtuma hawana njia ya kujua kama alitii matakwa yao au aliyauza. Akipiga kwa uwazi, mgombea aliyemlipa au kumtisha anaweza kuhakikisha kwamba mali yake imefika. Wakenya wanayajua madhara ya kura inayoonekana: katika mchujo wa KANU wa 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na kumbukumbu ya mlolongo huo ni miongoni mwa sababu Ibara ya 81 ya Katiba ya 2010 kudai kura ya siri isiyo na vurugu wala vitisho. Ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vyama vya wanafunzi, lakini ni kipimo kinachofaa kwao. Mwanafunzi anayepiga kura yake mwenyewe hakabiliwi na mkwamo huu, kwani hana mwingine wa kumtolea hesabu. Siri yake haimdhulumu mtu. Mkwamo huzaliwa pale kura inapokabidhiwa wakala.

Huenda ikajibiwa kwamba majopo hupunguza ukabila kwa kuwapanga wanafunzi kwa masomo yao. Jibu hilo lina uzito pale chini, katika uchaguzi wa jopo. Halina uzito ule ule pale juu, ambapo kikundi kidogo hujadiliana faraghani na makubaliano ya kikabila hayahitaji hata jukwaa.

4.0 Kiti Kilichoondolewa

Sheria za awali za vyuo vikuu vya umma, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya 1985, ziliwatengea wanafunzi nafasi katika Baraza la Chuo, ijapokuwa ziliwazuia kushiriki katika baadhi ya mijadala. Sheria ya 2012 iliunda Baraza la watu 9, wakiwemo makatibu wa wizara, watu walioteuliwa na Waziri, na Naibu Chansela. Hakuna kiti kinachojazwa kwa kura ya wanafunzi. Baraza hilo ndilo linalosimamia mali na fedha za chuo.

Hapa ndipo kusoma vifungu kwa pamoja kunapozaa maana. Mwanafunzi huchagua jopo lake, jopo huchagua Baraza la Wanafunzi, na Baraza la Wanafunzi husimama nje ya mlango wa Baraza la Chuo. Kila hatua humweka mbali zaidi na uamuzi. Kwa istilahi za Pitkin, uidhinishaji umepitishwa kwa wakala na uwajibikaji umekosa mahali pa kutendeka.

5.0 Hitimisho

Marekebisho ya 2016 yalijibu tatizo la utawala, yaani ghasia, lakini hayakujibu tatizo la mwanafunzi, yaani kusikilizwa. Ibara ya 55 ya Katiba inaitaka Dola iwape vijana nafasi ya kuwakilishwa na kushiriki katika siasa. Uhakiki huu unapendekeza kurejeshwa kwa kura ya moja kwa moja na ya siri, ikipigwa kwa siku tofauti katika kampasi tofauti, chini ya msimamizi asiye mtumishi wa chuo na kwa kikomo cha gharama za kampeni; na kurejeshwa kwa kiti cha mwanafunzi katika Baraza la Chuo. Mapendekezo haya mawili yanategemeana. Kura ya wote isiyofika kwenye kikao cha maamuzi itabaki kuwa shamrashamra, na kiti cha Baraza kinachojazwa na watu 19 hakitakuwa cha wanafunzi.