Mji Unasomwaje? Uhakiki wa Vitabu vya Kuwaongoza Wageni Brussels

Vitabu vya kuwaongoza watalii havihesabiwi miongoni mwa kazi za fasihi. Hata hivyo navyo ni maandishi: vina msomaji vinayemkusudia, vina yasemwayo na yanyamaziwayo. Kwa hiyo vyastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo riwaya au tamthilia. Hapa twapenda kuutazama mwongozo wa kawaida apewao mgeni aingiapo Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tuone unavyomfundisha kuusoma mji huo. Sababu ya kuuchagua iko wazi. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa kutoka huko, na wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura wana haki ya kuuliza habari zao zimeandikwa wapi katika mawe yake.

Mwongozo huanzia katika uwanja wa Grand-Place, nao huanza vyema. Msomaji huelezwa kwamba mwezi wa Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, nyumba nyingi za uwanjani zikateketea, lakini mnara wa jumba la baraza la mji ukabaki umesimama. Kisha huelezwa ni akina nani waliojenga upya: vyama vya mafundi, yaani waokaji mikate, wapika bia, wachinjaji, wenye mashua na wenzao, ambao kwa miaka michache tu waliurudishia uwanja fahari yake. Nyumba hutajwa pamoja na chama chake. Hapa hatuna la kulaumu. Mapambo yameunganishwa na fedha na jasho la watu wanaojulikana kwa kazi zao. Ndilo swali tuwafundishalo wanafunzi wetu kila siku: uzuri huu umetoka wapi, na nani aliulipia?

Kasoro huonekana mgeni aelekeapo mashariki ya mji, kwenye bustani ya Cinquantenaire. Pale pana tao kubwa lenye milango mitatu, na juu yake sanamu ya gari likokotwalo na farasi wanne. Mwongozo humwambia kwamba tao lilikamilishwa mwaka 1905, kwamba msanifu wake alikuwa Charles Girault wa Ufaransa, na kwamba kutoka juu mtu aweza kuutazama mji wote. Swali la gharama, lililoulizwa kwa bidii kule uwanjani, hapa limekoma. Nalo jibu lajulikana. Baada ya kazi kukwama kwa miaka mingi, Mfalme Leopold II alitoa fedha kwa kupitia mikono ya watu wengine. Utajiri wake wa wakati ule ulitokana na mpira na pembe za ndovu za Kongo, nchi aliyoitawala kama mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908, ambamo watu walilazimishwa kugema mpira kwa mjeledi na bunduki. Waokaji mikate wametajwa, wagema mpira hawakutajwa.

Huenda mtu akautetea mwongozo kwa kusema kwamba mgeni amekuja kupumzika, na kwamba kitabu kidogo hakiwezi kubeba historia yote. Utetezi huu hautoshi. Wale mafundi wa Grand-Place walitosheka na sentensi moja, na sentensi moja ingetosha hapa pia. Tena, katika uwanja wa Trône ipo sanamu ya mfalme huyo juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka 1926. Maandishi yaliyo kwenye sanamu yenyewe yaeleza kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo, vikatolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Basi mwandishi hakuhitaji kwenda maktaba, alihitaji kusoma tu. Shaba ile ilichimbwa Katanga, ambako Kiswahili kilikua kikawa lugha ya migodi na ya mitaa ya wafanyakazi. Mtoto wa Lubumbashi asimamapo mbele ya farasi yule atazama kazi ya mikono ya kwao, wala mwongozo haumwambii.

Ni haki pia kutaja penye nafuu. Tramu namba 44 humfikisha mgeni Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1910, nalo ni kazi ya Girault yule yule. Mwaka 1897 watu 267 kutoka Kongo waliletwa hapo wawe maonyesho katika bustani. Saba kati yao walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 yatengenezwe, yakafunguliwa tena Desemba 2018. Katika ukumbi mmoja umebaki ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya 1908. Msanii Freddy Tsimba wa Kongo ameandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha, ili jua liwakapo vivuli vyake viangukie ukuta ule. Twaisifu kazi hii, maana yasema kweli mbili pamoja: kwamba marehemu wale wamekumbukwa, na kwamba kumbukumbu yao ingali yategemea hali ya mawingu, ilhali majina ya wengine yamekazwa ukutani.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Karibu na Matonge, mtaa wa Waafrika uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ulizinduliwa uwanja wa Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Mwongozo mwema ungemfikisha mgeni huko pia, usimwonyeshe vinyozi na maduka ya vitenge peke yake.

Hatusemi mgeni asifurahie Brussels. Mji ni mzuri, na uzuri wake si kosa la mtazamaji. Twasema kwamba swali lililoulizwa juu ya nyumba ya mwokaji liulizwe pia juu ya tao la mfalme. Walimu wenzetu waweza kulianza zoezi hili darasani bila nauli ya ndege: mwanafunzi apewe maelezo ya jengo lolote la fahari, la ugenini au la mjini kwake, kisha atafute ni jina la nani lililoachwa.