Kukamua Sponji

Jumamosi moja kila mwezi, kabla jua halijawa kali, mimi huketi kwenye kigoda mbele ya tangi la samaki sebuleni, ndoo ikiwa katikati ya magoti. Nafyonza maji ya tangi kwa mpira mpaka ndoo inafika nusu. Nazima pampu ya hewa, naingiza mkono polepole na kuitoa sponji juu ya bakuli ili uchafu usitawanyike. Naizamisha ndooni, naikamua. Mkamuo wa kwanza hutoa wingu la kahawia, zito kama uji wa ulezi. Wa pili huwa mwepesi zaidi. Wa tatu bado ni mchafu, na hapo ndipo ninapoacha.

Kujua kuacha hapo kulinichukua muda. Nimelelewa katika nyumba ambayo sufuria husuguliwa kwa majivu mpaka mtu ajione uso, na mikono yangu ilifunzwa hivyo tangu utotoni. Mwaka wa kwanza wa kufuga samaki nilikwenda na sponji bombani, nikaisugua kwa brashi, nikaisuuza mpaka maji yakatoka meupe kabisa. Nikaridhika. Siku ya tatu samaki walikuwa wamepanda juu, wanahema midomo ikiwa wazi, matamvua yanakwenda mbio. Nilizika watano chini ya mpapai. Maji yao yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini ya tangi.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia mwilini, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki huongeza nyingine kinapooza. Mtoni au ziwani maji ni mengi na sumu hiyo haipati nafasi ya kujikusanya. Ndani ya lita 80 hujikusanya haraka. Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Wapo wanaokula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wanaoipokea nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefanikiwa kuwatenga viumbe hawa alipokuwa akifanya kazi Zürich, na akaandika habari zao mwaka 1890. Wafugaji waliishi miaka mingi wakiamini kwamba anayeshughulika na nitriti katika matangi ni Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wengine, wa kundi la Nitrospira. Nafurahi kujua kwamba hata jina la mtumishi wa nyumbani mwangu lilichukua zaidi ya karne kupatikana.

Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Hujishikiza mahali, na sponji, kwa vitundu vyake visivyohesabika, ni mji wao. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huwekwa makusudi ili iue vijidudu. Mimi niliupeleka mji mzima chini ya bomba.

Ndiyo maana neno chujio lenyewe hunitatiza. Tunaposikia chujio tunafikiria la chai au la nazi, kitu kinachozuia makapi yasipite. Chujio la tangi nalo huzuia makapi, lakini hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi kubwa ni kuwapa bakteria makazi na kuwapitishia maji yenye oksijeni bila kukoma. Anayenunua chujio kwa kuangalia tu litakavyong'arisha maji ameshika kazi ndogo, akaacha kubwa.

Dukani watakuonyesha kwanza machujio makubwa ya kopo, yanayokaa nje ya tangi na mabomba yake mawili. Ni vifaa vizuri, sivisemi vibaya. Kanuni ya wafugaji ni kwamba maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara nne au tano kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 80 linataka pampu ya lita 320 mpaka 400. Kumbuka tu kwamba tarakimu ya kwenye boksi hupimwa chujio likiwa tupu. Likishajazwa sponji na uchafu wa wiki mbili, mwendo hupungua sana.

Ila kwa nyumba zetu, ambako umeme hukatika bila hodi, mimi ni mtu wa sponji inayoendeshwa kwa hewa. Kopo limefungwa: umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria humaliza oksijeni iliyobaki ndani na kuanza kufa, na umeme ukirudi uozo ule husukumwa tangini. Sponji imo ndani ya maji ya wazi. Ikisimama, bakteria wake bado wanavuta oksijeni ileile wanayovuta samaki, nami naweza kuwasaidia wote kwa kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu. Na mtambo wenyewe ni rahisi ajabu. Hewa inapanda ndani ya bomba kwa viputo, maji yaliyochanganyika na hewa yanakuwa mepesi kuliko ya nje, yanapanda, na mengine yanavutwa kupitia sponji kuchukua nafasi yao. Hakuna panga linalozunguka. Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji, la sivyo siku umeme unapokatika maji yatarudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu.

Samaki wangu ni wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus brevis, wadogo kama kidole, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume na jike waweza kujibana katika kombe moja. Watoto wakitoka, huwa kama vipande vya uzi vyenye macho, na chujio lenye mvuto mkali lingewameza wote. Kwenye sponji huja kudonoa. Ziwa lao lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na hapo mfugaji hana nafasi ya uzembe, kwa sababu pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka ile yenye sumu kali. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 huzidi theluthi.

Usiku nawasikia kwa viputo. Kiwambo cha mpira ndani ya pampu kikianza kuchoka, mlio hubadilika siku kadhaa kabla hakijapasuka, nami huamka.

Mwezi uliopita binti wa jirani aliletewa tangi. Chujio jipya huchukua mwezi hadi wiki sita kupata bakteria wa kutosha, naye samaki alikuwa amekwishaahidiwa kwa Jumapili. Alikuja jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Huwa naweka sponji mbili tangini kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilimtolea moja, nikaiweka kwenye kindoo pamoja na maji yake. Aliichungulia: nyeusi, inateleza, imeota ute.

"Niisuuze kwanza nikifika?"

"Hapana. Iweke hivyohivyo. Na uende sasa hivi, ingali na maji."

Alivuka ua akiwa ameishika ndoo kwa mikono miwili, akitembea kama aliyebeba kitoto kichanga.