Bitana ya Koti la Akaki

Kiingereza kina kitenzi kifupi, "reline", yaani kutoa bitana iliyochakaa na kutia nyingine. Kitenzi hicho hicho kinatumika kwa koti, breki za gari, tanuri la chuma, hata meno ya bandia yanayolegea mdomoni. Sisi hatuna kitenzi kama hicho, na sioni haja ya kukibuni. "Kutia bitana upya" kunamtosha fundi cherehani. Mfasiri akiipeleka bitana hiyo gereji, hapo mafundi watamcheka, na watakuwa na haki.

Ila neno hili lina sharti ndani yake. Bitana mpya inahitaji nguo ya nje iliyo hai. Lazima pabaki mahali pa kushonea. Sijasoma hadithi inayolionyesha sharti hilo vizuri kuliko ile ya Nikolai Gogol ya mwaka 1842, kuhusu karani Akaki Akakievich na koti lake.

Chambuzi nyingi zinalifanya koti kuwa ishara ya hadhi, basi, yameisha. Mimi nawasihi mrudi kwa fundi Petrovich. Akaki anafika kwake akitaka kazi ndogo tu. Kitambaa kimelika mgongoni na mabegani, bitana imeachana, na kola imepungua mwaka hadi mwaka kwa kukatwa viraka vya sehemu nyingine. (Koti linalojila lenyewe! Gogol anapita hapo haraka, kama vile hajasema kitu.) Petrovich analikagua na kukataa: limeoza, ukiligusa kwa sindano linaachia. Kiraka kitakaa juu ya nini? Koti jipya litapita rubli 150, na mshahara wa Akaki ni 400 kwa mwaka. Karani wa watu anaishiwa maneno.

Sasa "bitana" yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ni ndugu wa "batini", yaani kilicho ndani, kilichofichika. Ndiyo maana ningesikitika mfasiri akiandika "kitambaa cha ndani" tu. Maana itafika, lakini undugu huo utakatika, na hadithi hii inauhitaji. Tazama wanavyonunua vifaa vya koti jipya. Kola ni ya manyoya ya paka, mazuri kiasi kwamba ukiwa mbali utadhani ni ya mnyama wa bei kubwa. Bitana ni ya kaliko, pamba tupu, lakini nzito na imara hata Petrovich anaapa inaishinda hariri. Kola ni ya macho ya watu, na inadanganya kidogo. Bitana haimdanganyi mtu. Atakayeisikia mwilini ni Akaki peke yake. Mtu ambaye ofisini hajawahi kuulizwa lililo moyoni mwake amepata, kwa kujinyima chai ya jioni, kitu cha batini kilicho kizima.

Siku anayolivaa kwa mara ya kwanza, akirudi kutoka ofisini, Akaki analitundika taratibu, analitazama tena, kitambaa na bitana. Kisha analitoa lile la zamani ili alinganishe, na anacheka mwenyewe. Usiku huo huo wanamvua barabarani.