Imekufa Vipi?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, neno moja hubeba kila ubovu: imekufa. Simu imekufa, redio imekufa, ordinateri, yaani kompyuta, imekufa. Ni Kiswahili kilichovuka mpaka pamoja na Wakongo. Lakini kijana anapoleta kompyuta mpya ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kuunganishwa, akasema inakufa kila anapofungua gemu, fundi aliye fundi hakimbilii bisibisi. Huuliza kwanza: imekufa vipi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo ndilo moyo wa ufundi huu, na kwamba anayeliuliza kwa dhati anastahili heshima tunayompa hakimu mwema, kwa kuwa hakubali kumtaja mkosaji kabla ya kusikiliza ushahidi.

Vifo vya mashine havifanani. Gemu inaweza kujifunga yenyewe huku mengine yote yakiendelea. Hapo shaka huangukia draiva, mafaili yaliyoharibika, au RAM inayokimbizwa kwa kasi isiyoimudu. Picha inaweza kuganda, sauti ikakwama kwenye mlio mmoja. Au kompyuta nzima huzimika ghafla kama iliyochomolewa ukutani, na hapo shaka huhamia kwenye umeme na joto. Fundi hutaka kujua pia saa ya kifo. Inayokufa baada ya dakika ishirini, feni zikizidi kuunguruma, huenda imeelemewa na joto lililopanda taratibu. Inayokufa papo hapo, mandhari nzito inapojitokeza, huenda imenyimwa umeme, kwa sababu kadi ya grafiki huweza kudai, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hata maradufu ya kiwango chake cha kawaida. Yote haya ni dalili, na dalili haijawa hukumu.

Hata maandishi ya skrini hayatoshi kumtia mtu hatiani, wala kifaa. Kati ya mwaka 2022 na 2023 Intel ilitoa vizazi vya 13 na 14 vya prosesa zake za Core, na zile za daraja la juu zikawekwa katika kompyuta nyingi zilizouzwa tayari kwa wacheza gemu. Baadaye gemu zikaanza kujifunga, na ujumbe ukadai kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa. Aliyesadiki maneno yale angeilaumu kadi, angenunua nyingine, na gemu ingeendelea kujifunga. Mkosaji alikuwa prosesa, iliyokosea hesabu wakati wa kufungua data zilizobanwa, na gemu ikalitafsiri kosa hilo visivyo. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti kupita kiasi. Agosti ikatoa marekebisho ya kuwekwa kupitia BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo yalikinga, hayakuiponya prosesa iliyokwisha kudhurika. Ikiwa kampuni yenye maabara duniani kote ilihitaji miezi kadhaa kuufikia ukweli, fundi wa Base Camp, hapo Nakivale, mwenye meza moja na taa ya sola ana haki ya kuomba siku mbili.

Naye ana washukiwa ambao maabara hizo haziishi nao. Kompyuta iliyonunuliwa Kampala husafiri kilomita zipatazo 270 hadi Mbarara, kisha hupokelewa na barabara ya vumbi. Kadi nzito inayoning'inia kwenye ubao mama hulegea njiani, na kipande cha RAM hunyanyuka kidogo kutoka kilipokaa. Upya wa mashine hauithibitishi kuwa nzima. Huiondolea tu shutuma ya uchakavu. Kisha kuna umeme wenyewe: volti inayoshuka jioni watu wanapowasha vyao, au inveta ya bei nafuu ambayo mkondo wake hauna wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai haziuvumilii. Kuwatenganisha washukiwa hawa kunahitaji nidhamu rahisi kuieleza, ngumu kuishika: badilisha kitu kimoja tu, cheza gemu ile ile, andika kilichotokea, kirudishe, ndipo ujaribu kingine. Anayebadilisha vitatu kwa mkupuo na mashine ikapona amepata mashine, lakini amepoteza maarifa.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta mpya ina dhamana, basi irudishwe dukani bila kupoteza siku. Irudishwe, ndiyo, lakini iende na ushahidi. Muuzaji ataiwasha, atafungua ukurasa mmoja wa intaneti, ataiona nzima, na mwenye mali atarudi Nakivale na nauli imekwisha. Wengine husema ni haraka zaidi kubadilisha vifaa hadi ipone. Ushauri huo unamfaa mwenye stoo iliyojaa. Mahali ambapo kadi moja humaliza akiba ya miezi mingi, kila shutuma ya uongo hulipwa kwa fedha taslimu, ndiyo maana uhaba huudai utaratibu kwa ukali kuliko wingi unavyoudai.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: makazi yaliyoanza mwaka 1958, yenye watu waliokimbia vita, yana mahitaji makubwa kuliko gemu. Ni kweli, na ufundi huu haushindani na mahitaji hayo. Gemu ni mtihani mkali wa kompyuta, kwani huibana prosesa, kadi, RAM na umeme kwa wakati mmoja; mashine inayoumudu mtihani huo ina nafasi nzuri ya kuhariri video za arusi, kuchora ramani za nyumba na kumvusha mwanafunzi hadi mwisho wa mtihani wa mtandaoni. Tena kijana wa Nakivale ana haki ya kucheza kama kijana wa Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ilimtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi, na kazi inayofanywa kwa uadilifu haipungukiwi heshima kwa kuwa imemrudishia mtu mchezo wake.

Wahenga walionya, mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo fundi mwema haikabidhi kompyuta kwa sababu tu imewaka. Huirudisha kwenye gemu ile ile, kwa umeme ule ule wa nyumbani kwa mwenyewe, mpaka ipite ile dakika iliyokuwa ikiiua. Kisha humweleza mwenye mali ubovu ulikuwa wapi na ulijulikanaje. Siku nyingine kijana huyo akija na mashine ya jirani, hatasema imekufa akanyamaza. Atasema imekufa vipi, baada ya dakika ngapi, kwa umeme gani. Na nusu ya kazi itakuwa imekwisha kufanyika kabla bisibisi haijaguswa.