Kimya Kinachoaminika: Namna ya Kupima Programu ya Kuchungulia Barua Pepe

Hoteli kubwa za Kiwengwa, kisiwani Unguja, ambazo kwa miaka mingi zimejaa wageni wa Kitaliana, zina watu maalumu wa kupokea maombi ya vyumba. Pembeni mwake zipo nyumba ndogo za wageni ambazo mwenye nyumba ndiye karani, ndiye mapokezi, na ndiye anayekwenda kutafuta samaki wa chakula cha jioni. Mtu wa Milano akiandika saa nne usiku wakati wa baridi ya kwao, Kiwengwa ni saa sita. Kukipambazuka hajajibiwa, huenda ameshaandikia nyumba nyengine.

Mwenye nyumba wa namna hii anafaa kuzijua programu ndogo za terminali zinazochungulia kisanduku cha barua pepe na kutoa taarifa. Hazina dirisha wala vitufe. Unaziandikia mipangilio kwenye faili, unaziwasha, nazo zinakaa nyuma ya pazia hata kwenye kompyuta kuukuu. Barua ikiingia, zinaendesha amri uliyozipa: zipige kengele, zioneshe arifa kwenye skrini, au zitume ujumbe kwenye simu. Bando linalotumika ni dogo sana ukilinganisha na kuacha ukurasa wa barua wazi kutwa.

Kazi hii ina historia. Mwaka 1980, katika Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitoka programu iitwayo biff, jina la mbwa wa Heidi Stettner, mmoja wa watu wa pale. Ilimwambia mtumiaji aliye kwenye terminali kwamba ana barua mpya. Siku hizo barua ilifika kwenye mashine ileile anayoitumia mtu. Leo barua iko kwenye seva ng'ambo ya bahari, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Programu yoyote ya aina hii itapiga kengele ukiijaribu mezani, mtandao ukiwa mzima. Ubora wake unapimwa inapokuwa kimya. Mlinzi wa usiku aliyelala na mlinzi aliyekesha usiku wa salama wote hawapigi kelele. Tofauti yao utaijua siku ya wizi. Programu njema ni ile ambayo ikinyamaza, una hakika kwamba hakuna barua.

Inaulizauliza au inasubiri?

Programu duni huiuliza seva kila baada ya dakika kadhaa kama kuna kipya. Ukizisogeza karibu dakika hizo unakula bando, ukizitenganisha unachelewa. Iliyo bora hutumia amri ya IDLE, iliyowekwa kwenye IMAP, utaratibu ambao programu hutumia kuzungumza na seva ya barua, kwa waraka wa RFC 2177 wa mwaka 1997. Programu inatuma "IDLE", seva inajibu kwa alama ya kujumlisha, kisha pande zote mbili zinatulia. Barua ikiingia, seva yenyewe inatuma mstari mfupi kama "* 24 EXISTS", yaani barua za kisanduku sasa ni 24. Taarifa inafika ndani ya sekunde chache.

Waraka huohuo unashauri IDLE ifungwe na kuanzishwa upya angalau kila dakika 29, kwa sababu seva inaweza kumtoa mteja aliyekaa kimya nusu saa. Kwa mtandao wa simu, muda huo mara nyingi ni mrefu mno. Vifaa vya katikati ya njia hukata muunganisho usiopitisha kitu, na huukata bila kuuarifu upande wowote. Programu inabaki kuamini kwamba inasikiliza, kumbe laini imekufa. Kwa hiyo angalia kama muda huo unaweza kuupunguza mwenyewe hadi dakika tano au kumi. Isiyokupa nafasi hiyo haikutengenezwa kwa mazingira yetu.

Inarudi kazini baada ya kukatika?

Unguja inategemea nyaya zilizolala chini ya bahari. Waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba. Hayo ni makubwa. Madogo ya kila wiki ni ruta kuzimika na bando kuisha.

Programu njema ikipoteza mtandao hujaribu tena, ikiongeza nafasi kati ya jaribio na jaribio ili isiisumbue seva. Ikirudi, kabla ya kusubiri kipya, kwanza hukagua barua zilizoingia ilipokuwa haipo. Wengi huikosa hatua hiyo ya pili. Programu inaunganishwa tena vizuri kabisa, inaingia IDLE, na barua mbili zilizofika wakati wa giza hazitajwi kamwe.

Inakumbuka kwa njia gani?

Kila barua kwenye IMAP ina namba yake, iitwayo UID, nayo huongezeka kadiri barua zinavyoingia. Fundi makini huhifadhi UID ya mwisho aliyoitolea taarifa, pamoja na UIDVALIDITY, thamani inayobadilika pale seva inapopanga namba upya. Mvivu hutegemea alama ya "haijasomwa". Njia hiyo inavunjika mara mtu wa pili akiifungua barua kwenye simu: kompyuta ya mapokezi haitasema kitu.

Lililo baya zaidi ni programu inayochungulia barua kisha ikaiacha imetiwa alama ya kusomwa. IMAP ina njia ya kutazama bila kugusa, BODY.PEEK, na hakuna udhuru wa kutoitumia. Kazi ya programu ni kuchungulia. Kusoma ni kwako.

Inasoma lugha za watu?

Hapa ndipo Kiwengwa inapotoa kipimo chake. Mtaliana anaweka kichwa cha habari "Disponibilità", anauliza nafasi. Njiani neno hilo husafiri likiwa "=?UTF-8?Q?Disponibilit=C3=A0?=", kwa sababu vichwa vya barua kwa asili vilibeba herufi za Kiingereza tu. Programu iliyokamilika hulifungua fumbo hilo na kukuonesha neno kama lilivyoandikwa. Ikikutupia alama na namba kwenye skrini, aliyeitengeneza hakuwafikiria watu wasioandika Kiingereza.

Inalinda siri zako?

Tazama mambo mawili. La kwanza ni nywila. Isikae wazi kwenye faili la mipangilio, hasa kwenye kompyuta inayoshikwa na kila zamu. Programu kama goimapnotify hukuruhusu kuandika amri ya kuichukua nywila kutoka ghala lililofungwa. Tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuzikatalia programu za nje zinazoingia kwa nywila ya kawaida ya akaunti, hivyo kama barua zako ziko kwa Google, yako lazima ijue OAuth2, njia ya kuingia bila kuikabidhi programu nywila ya akaunti, au ikubali nywila maalumu ya programu.

La pili halionekani kwa urahisi. Zipo programu zinazochukua kichwa cha barua na kukipachika moja kwa moja ndani ya amri ya kuendeshwa. Maana yake mtu usiyemjua anaweza kuandika kichwa chenye "$( )", na kilichomo ndani ya mabano kikaendeshwa kwenye kompyuta yako. Kosa hili pekee linatosha kuikataa programu, hata kama mengine yote inayaweza.

Jaribio la ruta

Kabla ya kuikabidhi kazi, ifanyie hivi. Iwashe, kisha chomoa ruta. Kwa simu yenye mtandao mwengine, jitumie barua mbili, moja yenye kichwa cha Kitaliana, na hiyo moja uifungue kwenye simu. Subiri robo saa, rudisha ruta, usiiguse kompyuta. Programu njema itataja barua zote mbili, kila moja mara moja tu, vichwa vikisomeka, na ile usiyoifungua ikiwa bado haijasomwa. Halafu weka nywila ya makosa kwa makusudi. Inatakiwa ipige kelele kwamba imeshindwa kuingia.

Ikifeli lolote kati ya hayo, tafuta nyengine. Zipo za bure na za wazi, na msimbo wake unaweza kumpa fundi aukague. Iliyopita, iwekee utaratibu wa kujiwasha kila kompyuta inapowaka, na urudie jaribio hili kila unapobadilisha ruta au kampuni ya mtandao.