Neno likae wapi

Kinande hakiko mbali na Goma. Ukipita Birere au Soko la Virunga utawasikia wafanyabiashara wa Butembo na Lubero wakipatana bei na wateja kwa Kiswahili, kisha wakigeukiana na kusemezana kwa lugha ya nyumbani. Lugha hiyo ina kamusi ninayoistahi kuliko vitabu vingi vinene: Dictionnaire kinande-français ya Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka, iliyotolewa mwaka 2012 na Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, huko Tervuren, Ubelgiji. Kavutirwaki alikwisha kuchapisha orodha yake ya maneno ya Kinande mwaka 1978. Kutoka kitabu kile hadi hiki ni miaka 34.

Ugumu unaanza kabla hata neno la kwanza halijaandikwa. Mtu ni omundu, watu ni abandu, mwanamke ni omukali, kulima ni erilima. Karibu kila nomino ya Kinande huanza na a, e au o, na vitenzi, vikitajwa kwa umbo la kutajia, vyote huanza na eri-. Ukiyapanga maneno hayo kwa herufi ya kwanza, karibu lugha nzima itasongamana katika herufi tatu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamezoea kujinasua kwa kupanga kwa mzizi, lakini hapo tena kuna gharama: mtoto wa shule anayetafuta omukali lazima kwanza ajue kulivua neno omu- yake. Kila uamuzi unamsaidia msomaji mmoja na kumtaabisha mwingine, na mtunzi hana budi kuamua.

Wahariri wa Kifaransa Diderot na d'Alembert walikutana na jambo hilihili Paris. Encyclopédie yao, majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya picha, ilitoka kati ya 1751 na 1772. Alfabeti ilimfikisha msomaji upesi kwenye neno, ila ilitawanya mambo ya ukoo mmoja. Wao wakayaunganisha kwa marejeo: makala moja inakutuma kwenye nyingine, nayo inakutuma mbele zaidi. Diderot aliingia karakana akiwauliza mafundi majina ya vifaa na hatua za kazi, maana maneno hayo hayakuwa vitabuni. Lakini ninayempenda zaidi ni Louis de Jaucourt, ambaye hatajwi sana. Makala zipatazo 17,000, karibu robo ya kazi yote, ni za mkono wake.

Kazi ya uvumilivu ya aina hiyo, kwa Kinande, hufanywa kwa sikio. Hii ni lugha ya toni. Mwombe mtu akutajie neno moja peke yake, na sauti utakayosikia mwishoni inaweza kuwa imeletwa na kituo, wala si ya neno. Tena toni ya juu ya mzizi mara nyingi husikika kwenye silabi iliyoutangulia, yaani kwenye kiambishi. Kwa hiyo msikilizaji hulitia neno katikati ya sentensi, hulifuatishia neno jingine, humwomba msemaji arudie, ndipo atenge kilicho cha neno na kilicho cha kituo. Halafu neno linalofuata, na linalofuata, maelfu. Mutaka alikuwa ameshaitafiti mifumo hiyo kwa miaka. Kitabu chake kuhusu toni za msamiati wa Kinande kilitoka 1994. Alama ndogo ya toni juu ya irabu, ambayo jicho linaipita bila kusita, imebeba kazi hiyo yote.

Nyuma ya kamusi kuna faharasa ya Kifaransa kwa Kinande. Mwanafunzi wa Goma aliyesomeshwa kwa Kifaransa, anayeongea Kiswahili mtaani na anayekisikia Kinande kwa bibi yake tu, huanzia huko: anatafuta neno la darasani, linampeleka kwenye la bibi bila kumdai ujuzi wa mizizi. Kavutirwaki alikuwa ameiweka faharasa kama hiyo tangu kitabu cha 1978.